Mke akifika mwezi wa saba, panga haya mapema

Wajawazito wanaofariki huku kwetu Tanzania wengi wanaondoka kwa vitu vinavyojulikana: kutokwa damu nyingi, kifafa cha mimba, maambukizi, mtoto kukwama njiani, na mimba zinazotolewa vichochoroni. Damu ndo haisubiri kabisa, mtu mzima wa afya anaweza kwisha ndani ya masaa mawili tu baada ya kujifungua na nyumbani bado mnabishana nani ana hela ya bajaji.

Kwahiyo kaeni mapema mkubaliane. Ulizeni pale mnapotaka ajifungulie kama wanafanya upasuaji na kama wana damu, kama hawana wanampeleka wapi. Tafuteni ndugu wawili watatu wa kuchangia damu. Sevu 115, namba ya m-mama, ya dharura za wajawazito na waliojifungua, hailipiwi. Na hili watu wanalisahau, mume kama yuko safarini nani anaamua? Maana nimeona mama mkwe anasema "tumsubiri mwenyewe arudi", jamani mwenyewe yuko machimboni huko na simu haishiki!

Presha sasa, hiyo ndo inayoleta kifafa cha mimba. Kila akienda kliniki apimwe presha na mkojo, asitoke bila kuulizia. Ikisoma 140/90 au zaidi sio ya kwenda nayo nyumbani ukasema ni uchovu. Kichwa kugonga bila kuachia, macho kuona nyotanyota, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, hapo ni hospitali hata kama saa nane usiku. Akianguka na kukakamaa msianze habari za mashetani, mlazeni ubavu wa kushoto, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, ondokeni naye. Na kifafa hiki kinaweza kuja hata baada ya kujifungua.

Mtoto akitoka achomwe sindano ya kukaza kizazi, muulizeni mkunga. Kondo likipita nusu saa halijatoka ni dharura. Mkisharudi nyumbani angalieni pedi, ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, au yanatoka mabonge makubwa, arudi mbio.

Halafu ndani ya siku 42 baada ya kujifungua akipata homa au uchafu unaonuka mrudisheni hospitali na mseme kajifungua lini, msiposema anaweza kupewa dawa ya malaria akaambiwa akapumzike.