Namna ya kujiandaa kwa mavazi unapoalikwa kwenye klabu ya gofu: maelezo kwa mtu wa Tanga

Mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa kwamba nguo ina mahali pake. Hakuna anayekwenda maulidini na pensi, wala anayeingia msibani na fulana yenye picha ya mwanamuziki kifuani; na harusi ya Ngamiani ikitangaziwa sare ya kanga, atakayekuja na kanga nyingine anajua mapema namna atakavyotazamwa. Kwa hiyo ukialikwa kwa mara ya kwanza kwenye klabu ya gofu, iwe hapa Tanga au ukiwa safarini Dar es Salaam, Morogoro au Arusha, usishangae kuambiwa kwamba kuna masharti ya mavazi. Linalofaa ni kuyajua masharti yenyewe, kujua yametoka wapi, na kutambua lipi la kufuatwa bila maneno na lipi linaweza kuzungumzwa.

Kosa linalowaangusha wengi ni kumuuliza mwenyeji swali pana. Ukimuuliza, "Nivae nini?", atakujibu, "Vaa vizuri tu", na kila mmoja wenu atakwenda na picha yake kichwani. Kwetu, kuvaa vizuri ni kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kiua, au gauni la kitenge lililoshonwa likakaa mwilini. Katika klabu ya gofu, maneno hayo hayo yana maana ya fulana ya kola, suruali ya kitambaa na viatu vilivyofungwa. Muulize mambo mahususi: je, nitacheza, nitatazama, au tutakaa kula tu? Pensi inaruhusiwa? Raba za kawaida zinaingia uwanjani? Kofia yangu nitaivua ndani? Asipokuwa na majibu ya hakika, mwombe namba ya ofisi ya klabu upige mwenyewe, kwa sababu masharti ya uwanjani, ya barazani na ya chumba cha chakula mara nyingi hayafanani, na wanachama wenyewe huyasahau kwa kuwa wameyazoea.

Nayasema haya kwa kuwa yalinikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye klabu moja iliyo nje ya mkoa huu, nisiyopenda kuitaja, na mwenyeji wangu aliniambia nije nimependeza. Nikavaa shati la kitenge la shingo ya duara, ambalo fundi wangu wa Ngamiani alilishona kwa siku tatu na kulitarizi shingoni. Getini mlinzi alinitazama shingo kabla ya kunitazama uso. "Samahani kaka," akasema kwa upole kabisa, "shati lako halina kola." Nikiwa bado nimesimama, akapita bwana mmoja mwenye fulana iliyopauka, yenye madoa ya jasho kwapani, akapigiwa saluti, kwa sababu fulana yake ilikuwa na kola. Aliyeniokoa ni kijana mbeba mifuko ya fimbo za wachezaji aliyekuwa amepumzika chini ya mwembe, alifungua mkoba wake, akatoa fulana ya pili, akanipa na kusema, "Vaa hii kaka, utanirudishia jioni." Kola yake ilikuwa imechanikachanika ukingoni na kitambaa kilinukia sabuni ya mche. Nilipita getini bila swali hata moja, huku kitenge changu kikiwa kimekunjwa kwapani.

Basi, ukiwa mwanamume, tafuta fulana ya kola yenye mikono. Huna haja ya kununua mpya, kwa sababu fulana za aina hiyo hujaa kwenye mitumba. Unapochagua, usitazame nembo iliyoko kifuani; ikunjue kola, ilaze kwenye kiganja, uone kama ncha zake zinalala au zinajikunja juu kama jani lililokauka, maana kola iliyokwisha kujikunja hainyooshwi na pasi yoyote. Kisha ipindue ndani nje uangalie kwapa penye mwanga, kwa kuwa doa la jasho huonekana zaidi upande wa ndani. Kwa joto la Tanga, pamba nyepesi inafaa ikiwa utakaa barazani, lakini ukizunguka mashimo yote kumi na nane ya uwanja kwa miguu itaganda mgongoni kabla hujafika la tano, na hapo kitambaa chepesi cha michezo kinachokauka upesi ni bora zaidi.

Suruali iwe kadeti au ya kitambaa, yenye mkanda. Suruali ya jinzi iache nyumbani hata kama ni mpya na ya bei mbaya. Zipo klabu zinazoikubali barazani, lakini zipo pia zinazoikataa, na hupaswi kujaribu bahati yako siku ya kwanza. Chomekea fulana, hata kama utawaona wengine hawakuchomekea, kwa sababu mwanachama wa siku nyingi husamehewa mambo ambayo mgeni hasamehewi. Mlegezo, singlendi na ndala sidhani kama ninahitaji kuvieleza.

Kuhusu viatu nitakawia kidogo, kwa sababu hapa sharti lina sababu ambayo kila mtu anaweza kuiona kwa macho. Eneo linalozunguka shimo, ambalo wachezaji huliita grini, huwa na nyasi zilizokatwa hadi kubaki milimita chache tu, na mpira hubingirika juu yake kama juu ya zulia. Kisigino chembamba kikidunga hapo, au njumu za mpira wa miguu zikiburuzwa, alama inayobaki inaweza kupotosha mpira wa mtu anayekuja nyuma yako. Hata viatu vya gofu vyenyewe vilikuwa na meno ya chuma zamani, na katika miaka ya 1990 klabu nyingi zilianza kuyakataza na kutaka meno laini ya plastiki, kwa sababu hiyo hiyo ya kulinda nyasi. Kwa hiyo vaa raba zenye soli bapa, zilizo safi, na soksi. Wakati wa masika chukua na soksi za akiba. Ukiambiwa usikanyage mahali fulani na viatu ulivyovaa, usidhani unadharauliwa.

Nashauri kila sharti ulipime hivyo: je, linalinda uwanja na watu, au linalinda fahari? Yapo ya kundi la kwanza yanayoonekana ya ajabu mpaka uelezwe chanzo chake. Kwenye uwanja wa wazi wa Wimbledon, London, ambako raia wa kawaida hutembea na mbwa wao, wachezaji wa gofu hutakiwa hadi leo kuvaa vazi jekundu la juu ili waonekane kwa mbali, na mtu asije akapigwa na mpira asiojua umetoka wapi. Kola, kwa upande mwingine, hailindi nyasi wala kichwa cha mtu. Ni desturi iliyotoka kwa mabwana wa Uingereza na Uskoti, ikaja huku kwetu pamoja na klabu zilizoanzishwa enzi za ukoloni, ambamo Mwafrika alizoea kuingia kwa mlango wa jikoni au akiwa na mfuko wa mtu mwingine begani. Wazee wetu wanaoitazama gofu kwa jicho la pembeni hawakosi sababu, na kijana anayefuata masharti haya leo afahamu kwamba anafuata desturi ya mwenyeji, jambo ambalo si sawa na kukiri kuwa desturi yake mwenyewe ni duni.

Pensi ndiyo inayonifurahisha zaidi, kwa sababu hapo klabu na Pwani hukutana bila kukusudia. Klabu nyingi zinazoruhusu pensi hutaka iwe ya kitambaa, isiyo na mifuko mikubwa ya pembeni, na ifike gotini. Baadhi ya klabu za Uingereza ziliongeza kwamba ivaliwe na soksi ndefu. Shekhe wa mtaani kwako naye atakwambia kwamba sitara ya mwanamume ni baina ya kitovu na goti. Mmoja anataka heshima ya klabu na mwingine heshima ya dini, lakini fundi cherehani atakata kitambaa kwa urefu ule ule, akiongeza labda inchi mbili kwa ajili ya shekhe. Hata hivyo, ukiwa mtu mzima hapa Tanga utaona wengi wa rika lako wakipendelea suruali ndefu, kwa sababu kaptula ilikuwa vazi la askari wa mkoloni na la mtumishi wa nyumbani, na kumbukumbu hiyo haijafutika. Kwa wachezaji wa kulipwa wa Marekani jambo hili bado halijakwisha: PGA Tour, waandaaji wa mfululizo wa mashindano ya wanaume, iliruhusu pensi mwaka 2019, lakini kwenye raundi za mazoezi na zile za kucheza na wageni waalikwa tu, ilhali LIV Golf, ligi inayoshindana nayo, iliziruhusu hadi kwenye mashindano yenyewe mwaka 2022.

Mwanamke wa Pwani ana kazi nyepesi kuliko anavyodhani. Masharti mengi yanayowahusu wanawake hukataza kilichofunua, na kujisitiri kwake hakugongani nayo. Mwaka 2017 chama cha wanawake wa kulipwa cha Marekani, LPGA, kilikaza kanuni zake dhidi ya shingo zilizoshuka mno na sketi fupi zisizositiri, na baadhi ya watu wakakilalamikia kwa ukali huo. Suruali pana, fulana ya kola yenye mikono mirefu na mtandio uliobanwa vizuri vinatosha kabisa. Dera ndilo litakalokusumbua, na hapo tatizo si klabu: upepo wa bahari ukilijaza, mikono yako haitaiona fimbo wala mpira. Mtandio nao usiuache uning'inie mbele. Zichomekee ncha zake ndani ya fulana kabla ya kuinua fimbo.

Sasa kofia. Adabu ya gofu hutaka mchezaji avue kapelo anapoingia ndani ya jengo la klabu, na pia anapopeana mikono na wenzake baada ya shimo la mwisho. Kwetu, kofia ya kiua huvaliwa mpaka ndani, na mzee aliyeivaa hatarajii kuambiwa aivue na kijana wa mapokezi. Usiliache jambo hili litokee mlangoni mbele za watu. Mwambie mwenyeji wako siku moja kabla, kwa maneno mepesi: "Bwana, nitakuja na mzee wangu, naye kofia yake haivuliwi, naomba uwaambie wenzako mapema." Mwenyeji mwenye busara atalimaliza kwa simu moja. Asipoweza kulimaliza, mpeleke mzee wako kunywa kahawa mahali pengine, na wewe uende klabu peke yako siku nyingine.

Ukizuiliwa licha ya maandalizi yote, usibishane na mlinzi. Yeye hakuandika sharti, na akikupitisha huenda akaulizwa yeye. Uliza kwa utulivu kama kuna fulana ya kuazima, kwa sababu baadhi ya klabu huweka moja au mbili ofisini, na jizoeshe kuwa na fulana ya kola ya akiba kwenye mkoba wako. Malalamiko yapeleke kwa kamati, kwa barua, baada ya hasira kupoa. Humo kumbusha kwamba Kanuni za Gofu zinazotolewa na vyama viwili vinavyosimamia mchezo huu, R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani zinahesabu hata idadi ya fimbo unazobeba, zisizidi kumi na nne, lakini hazimlazimishi mtu kuvaa kola; suala hilo limeachwa mikononi mwa kamati husika, na lililowekwa na kamati linaweza kubadilishwa na kamati. Kumbusha pia kwamba Tiger Woods, bingwa wa gofu wa Marekani, alishinda shindano kubwa la Masters mwaka 2005 akiwa na fulana nyekundu ya shingo iliyosimama, isiyo na kola ya kukunja, na hakuna aliyemrudisha nyumbani.

Barua hiyo iwe fupi na iombe mambo yanayotekelezeka: kwamba hijabu na kofia ya kiua zitajwe kwa majina kuwa zinaruhusiwa, kwamba shati la kitenge lililoshonwa vizuri likubaliwe barazani, na kwamba masharti yote yaandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao mmoja. Taja na mahali pa kuutundika ubao huo, kwa sababu nimeona klabu iliyoutundika ndani karibu na kaunta ya vinywaji, ambako mgeni aliyerudishwa getini hatafika kuusoma.