Boston kwa muda wako mwenyewe: mwongozo wa mtu wa Nakuru asiye Kipchoge

Huku kwetu ukisema unakimbia marathoni swali la kwanza ni utalipwa ngapi. Mimi silipwi, mimi ndo nalipa. Nafanya kazi ya ofisi hapa Nakuru, nakimbia kabla kazi ianze, na siku nikipanda Iten, ule mji wa wakimbiaji, wasichana wa sekondari wananipita huku wanapiga stori. Lakini kuna mlango wa watu kama sisi, unaitwa muda wa kufuzu, yaani ukimaliza marathoni ingine ndani ya muda waliouweka kwa umri wako unaruhusiwa kuomba nafasi, na marathoni ya Boston kule Marekani walinikubali kupitia huo mlango kwa mbio yao ya 2026. Watu wamekuwa wakinisumbua inbox niwaeleze nilifanyaje, so hii hapa yote, soma polepole.

Hatua ya 1: jua mlango gani uko wazi kwako

Sio kila mbio kubwa inakuchukua juu ya muda. London wana nafasi za wenye muda mzuri kulingana na umri lakini hizo ni za wakaaji wa Uingereza, wewe wa Kiamunyi au Kondele hata ukimbie aje hazikuhusu, nimeona mtu amefanya mazoezi mwaka mzima akidhani zinamhusu. Berlin na Chicago wana mlango wa muda, ingia kwa ukurasa wao wenyewe usome ya mwaka huo, usishike ya mwaka jana. Mimi nitaongea Boston kwa sababu ndo nimepitia.

Hatua ya 2: hesabu umri wako vizuri

Hapa ndo watu wengi wanapoteza zawadi ya bure. Boston wanaangalia umri utakaokuwa nao siku ya mbio yao, Jumatatu ya tatu ya Aprili, sio umri uliokuwa nao siku ulipokimbia mbio ya kufuzu. Kwa Boston ya 2026 muda ulikuwa hivi: wanaume wa 18 hadi 34 ni 2:55 (masaa mawili na dakika 55), wanawake 3:25. Ukifika 35 unaongezewa dakika tano, 3:00 na 3:30. Ukifika 40 tena tano, 3:05 na 3:35. Halafu 45 unapewa kumi, 3:15 na 3:45.

Mimi nilikimbia Amsterdam Oktoba 2024 (dada yangu ameolewa huko so malazi yalikuwa ya bure, ukiwa na mtu mahali mtumie bana), nikamaliza 2:59:10. Nilikuwa na miaka 39. Kwa 3:00 hiyo ni sekunde 50 tu za akiba. Lakini Aprili 2026 ingenikuta na 40 tayari, so nilipimwa na 3:05 na akiba ikawa dakika 5 na sekunde 50. Miguu ni ileile, ni birthday tu imeniokoa.

Hatua ya 3: sahau muda wa kwenye ukurasa, tafuta akiba

Hii ndo kitu nataka ushike hata kama hutashika ingine. Kufikisha muda wa Boston hakumaanishi umeingia. Kunakupa ruhusa ya kuomba. Wakishapokea maombi yote wanaanza na waliomaliza chini ya muda wao kwa dakika nyingi zaidi, wanateremka hadi nafasi ziishe, na wa chini wanaambiwa pole. Boston ya 2024 ilibidi uwe chini ya muda wako kwa 5:29, yaani dakika 5 na sekunde 29. Ya 2025 ikawa 6:51. Ya 2026 walikuwa wamekaza muda kwa dakika tano kwa wote walio chini ya 60, na bado ikahitajika 4:34 juu ya hiyo! Kuna miaka kama 2023 hakukatwa mtu lakini usipange maisha yako na miaka kama hiyo.

So kijana wa 2:55, wewe lengo lako ni 2:48 ama 2:49. Ukikimbia dakika 4 kamili kila kilomita unamaliza 2:48:46, akiba zaidi ya dakika sita, na hesabu ni rahisi hata kichwa kikiwa kimechoka. Dada wa 3:25, lenga 3:19, hiyo ni kama 4:43 kwa kilomita.

Hatua ya 4: chagua mbio ya kufuzia kama mtu anayenunua shamba

Yaani usiangalie picha, angalia makaratasi. Mwaka mmoja nilikimbia mbio moja, sitaitaja, nikamaliza nikiwa najipenda sana, kuangalia saa inasema kilomita 41 na nusu. Nikauliza nani alipima njia, jamaa akaniambia kwa ujasiri walitumia pikipiki. Matokeo yalikuja kwa picha ya karatasi, jina langu limeandikwa vibaya, na muda ni wa bunduki (unahesabiwa tangu mlio wa kuanza) sio wa chipu (kifaa unachovaa, kinahesabu tangu uvuke mstari). Miezi minne ya mazoezi ikaenda na maji.

Njia iliyopimwa vizuri inapimwa na baiskeli yenye kihesabio kwa gurudumu, kwa mstari mfupi kabisa mkimbiaji anaweza kupita, halafu wanaongeza mita moja kwa kila elfu ndo isije ikawa fupi. Kwa marathoni ni mita 42 hivi za ziada. Uliza waandaaji mambo matatu: njia imeidhinishwa na World Athletics (shirikisho la riadha la dunia), AIMS (chama cha waandaaji wa marathoni) ama shirikisho la nchi hiyo? Kuna chipu? Matokeo yatawekwa mtandaoni kwa majina? Wakianza kuzunguka, pita.

Na usikimbilie mbio za kuteremka mlima. Kuanzia Boston ya 2027 njia ikiteremka futi 1,500 au zaidi kwa jumla unaongezewa dakika tano kwa muda wako, ikiteremka 3,000 ni dakika kumi, na 6,000 hawaikubali kabisa. Kinyume chake cha kuuma ni kwamba kukimbilia juu kwa hewa nyepesi hupewi punguzo lolote. Eldoret iko mita 2,100 na 2:55 ya huko ni kazi ingine kabisa, lakini kwa fomu inaandikwa tu 2:55. Ndo maana mimi nasema fanya mazoezi juu, kafuzu chini.

Hatua ya 5: mazoezi

Sitaandika ratiba hapa, kila mtu na mwili wake. Mimi nilikuwa natoka siku tano kwa wiki. Alhamisi ni fatileki, dakika mbili kali moja polepole, kama wanavyofanya Iten ila mimi nabaki nyuma na mbwa. Jumapili ni kilomita 30 hadi 35 barabara ya Kiamunyi kwenda Kabarak, kumi za mwisho kwa pesi (kasi) ya marathoni. Nakuru tuko kama mita 1,850 so hiyo pesi itakuuma kuliko siku yenyewe, usikate tamaa. Wa Kisumu nyinyi mko chini zaidi na upande wa Ahero ni tambarare kabisa, shida yenu ni joto, saa kumi na moja asubuhi uwe tayari barabarani.

Hatua ya 6: siku yenyewe

Saa ya GPS itakudanganya. Huwezi kata kila kona kama baiskeli ya wapimaji, kwa hivyo saa itasoma kama 42.5, na dakika 4 kila kilomita kwa saa yako zitakuwa 2:50 kamili kwa matokeo. Shika 3:58 ukitaka zile 2:48. Na usikimbie na namba ya rafiki yako, huo muda si wako na wakigundua wanakufungia.

Hatua ya 7: kuomba

Dirisha linafunguliwa Septemba, siku chache tu, na hakuna haja ya kukesha kwa sababu hawaangalii nani alikuja kwanza. Jina kwa matokeo lifanane na la pasipoti, sisi wa majina matatu tujisajili mbio ya kufuzia vile pasipoti inasema. Kadi ya benki hawaikati hadi wakukubali, so hiyo pesa iache ikae hapo, dola mia mbili na kitu, na upigie benki wafungue malipo ya nje. Ya rafiki yangu ilikataa mara mbili.

Email ya kukubaliwa ikiingia, siku hiyohiyo fungua fomu ya viza ya Marekani. Boston hawakuombei viza, na Septemba hadi Aprili inaonekana mbali mpaka uone tarehe ya intavyuu utakayopewa.