Kabla Hujashika Kipaza Sauti Nairobi

Msimu wa likizo ukifika, vikundi vya makanisa ya ng'ambo hutua uwanja wa ndege wa JKIA vikiwa na fulana za rangi moja. Siku hizi kiongozi wa kikundi mara nyingi ni mmoja wetu, mtoto wa Kayole au Kawangware aliyehamia ughaibuni na sasa anarudi na wenzake kuhubiri. Nimeongoza safari tatu za namna hiyo. Ya kwanza niliiharibu mwenyewe.

Nilikuwa nimepewa dakika 30 katika kanisa moja la Eastlands. Nikaandaa mahubiri ya dakika 30 kwa Kiingereza, maana nilijiambia Kiswahili changu kimeshika kutu. Hesabu ikanipita: ukitafsiriwa, dakika 30 zako ni 15. Saa nzima baadaye nilikuwa kwenye hoja ya pili, waumini wa ibada inayofuata wamesimama nje juani na watoto mgongoni, na mzee wa kanisa amenikazia macho huku akigonga saa yake.

Kwa hiyo, kama umezaliwa huku, hubiri kwa Kiswahili chako hicho hicho chenye kutu. Watu watacheka kidogo, kisha watakusikiliza. Mwenzako mgeni ndiye ahitajiye mkalimani, na mkalimani huyo apewe mistari ya Biblia siku moja kabla. Wengi wana ile tafsiri ya Union ya mwaka 1952 mkononi, na kutafsiri aya papo hapo wakati watu wanaisoma ni aibu. Mwambie mwenzako atumie sentensi fupi, na mizaha ya besiboli aiache uwanja wa ndege.

Usidhani kila mimbari iko wazi. Katika Misa ya Kikatoliki homilia ni ya padri au shemasi, hata uwe na shahada ngapi za theolojia. Kwa Waanglikana, vika, yaani kasisi wa parokia, hamkaribishi mhubiri kutoka nje bila idhini ya askofu, basi andika mapema. Wasabato hukutana Jumamosi. Kwa Waakorino, wale wa vilemba, utavua viatu mlangoni. Makanisa ya Kipentekoste ndiyo mepesi kukupa nafasi, na ndiyo yanayoweza kukuita ghafla "utusalimie kidogo", kwa hiyo uwe na neno la dakika tano mfukoni. Anza na "Bwana asifiwe", mshukuru mchungaji na mama mchungaji, taja kanisa lililokutuma, kisha ingia kwenye Neno. Kuhusu mavazi, muulize mama mchungaji. Kuna kanisa ambalo jinzi ni sawa, na kuna lile ambalo mwanamke bila sketi ndefu atahisi macho ya watu mpaka baraka ya mwisho.

Jambo moja wasafiri wengi hawalijui: tangu mkasa wa Shakahola mwaka 2023, ambapo miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyedaiwa kuwahimiza wafunge hadi kufa ilifukuliwa msituni kule Kilifi, Wakenya wanasikiliza wahubiri kwa sikio la pili. Ukihimiza kufunga, sema mipaka yake. Usimwambie mtu aache dawa za presha au za virusi vya UKIMWI kwa sababu umemwombea. Hata kwa utani, hapana.

Karatasi nazo. Mwenye pasipoti ya Kenya anaingia kama mwananchi. Wageni wengi, tangu Januari 2024, huomba idhini ya kusafiri mtandaoni, ile iitwayo eTA, nayo ni ya kuingia tu. Anayekuja kukaa na kutumika kwa miezi anahitaji kibali, na kuna daraja maalumu la shughuli za kidini. Kanisa mwenyeji liulize Uhamiaji kabla hamjakata tiketi. Mkifunga mizigo, acheni mifuko ya plastiki ya dukani. Ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017.

Sasa pesa, ambayo ndiyo huvunja urafiki. Mkiahidi mimbarini kwamba "tutawajengea", ahadi hiyo itaombewa kila Ijumaa kwenye kesha kwa miaka kumi. Semeni mlicho nacho mkononi, basi. Baada ya ibada mtafuatwa na kijana wa karo na mama wa kodi ya nyumba, na shida zao ni za kweli, lakini elekezeni msaada kwa mweka hazina na wazee wanaowajua watu wao. Sadaka toeni kwa nambari ya M-Pesa ya kanisa, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi. Na msitangaze kiasi: Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa Rais mwenyewe, kwa hiyo msishangae mkiulizwa pesa zenu zina masharti gani.

Picha za watoto wa Mathare au Kibera, ombeni wazazi kwanza. Mngependa wenu wapigwe picha wakiwa na kamasi?

Ibada ikiisha, msikimbilie gari. Kaeni kwenye chai ya maziwa na mandazi, ndipo mtaambiwa ukweli. Siku ile ya hesabu yangu mbovu, mama mmoja wa ushirika alinimiminia kikombe akaniambia kwa upole: "Neno lilikuwa tamu, mwanangu. Ila matatu yangu ya Dandora ilienda ukiwa bado kwa Ibrahimu."