Mkufu wa kitenge kwa zawadi ya Noeli: pima ushanga kabla ya kushika makasi

Vipande vinavyobaki chini ya cherehani za mafundi wa Kadutu na Nyawera, hapa Bukavu, vinatosha kumtengenezea dada, shangazi au mama mkwe mkufu wa Noeli. Omba vya pamba tupu. Nailoni inateleza, mafundo yake yanalegea. Ukiwa na shaka, choma uzi mmoja: wa pamba unanuka kama karatasi na kuacha jivu laini, wa nailoni unajikunja na kuwa kitone kigumu.

Kitenge kipya lazima kifuliwe kwanza. Kina wanga unaokifanya kiwe kigumu, na rangi nyekundu au ya buluu nzito inaweza kutoka kwa jasho la shingoni na kuharibu blauzi nyeupe siku yenyewe ya sikukuu. Fua kwa sabuni na maji ya moto mpaka maji yabaki meupe, kisha sugua kitenge kikiwa kibichi kwa kitambaa cheupe. Kikiacha alama, rudia. Kikiendelea kuacha, tafuta kingine. Kutia chumvi hakusaidii sana. Desemba Bukavu ni mvua, nguo zinachelewa kukauka, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho.

Shanga za mbao za sentimita 2 ndizo nzuri kwa kazi hii, kwani ni nyepesi. Shanga za kile kitandiko cha kiti cha gari kilichokatika zinafaa pia, hata zikiwa ndogo zaidi. Zilaze usiku mmoja ndani ya maji ya moto kuona kama zinatoa rangi, halafu zikauke kabisa, maana mbao yenye unyevu itaotesha ukungu ndani ya kitambaa.

Sasa kipimo, na hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Zungusha uzi kwenye ushanga, pima uzi huo, ongeza sentimita 1.5: moja ya mshono, nusu ya kupumulia. Ushanga wa sentimita 2 una mzunguko wa 6.3, basi kitambaa kiwe na upana wa 8. Ukikata 7, ushanga utakwama njiani na mshono utapasuka ukiulazimisha. Ukikata 10, kitambaa kitajikunja juu ya ushanga kama soksi iliyolegea.

Urefu ni sentimita 150 kwa shanga 9. Ushanga mmoja unachukua 2, lakini fundo moja linakula kama 6, na mafundo ni 10. Zinazobaki ni kamba za kufungia shingoni, kama 36 kila upande. Kwa sababu upana wa kitenge haufiki 150, utaunga vipande viwili. Usikate nusu kwa nusu, maana kiungo kitaangukia ushanga wa katikati na kuonekana. Kata kimoja 112 na kingine 39, uviunge kwa mshono wa nusu sentimita: kiungo kitaingia ndani ya fundo la mwisho, karibu na bega, na hakuna atakayekiona.

Kunja kitambaa kwa urefu, upande mzuri ukiwa ndani. Shona nusu sentimita kutoka ukingoni, kwa hatua fupi. Kwa mkono, shona kwa kurudi nyuma, la sivyo uzi utakatika ukianza kusukuma shanga. Funga pini kwenye ncha moja, ipitishe ndani, ugeuze. Piga pasi mshono ukiwa katikati ya upande wa nyuma. Pasi ya makaa itandikiwe kitambaa cheupe, isimwage majivu.

Usianzie kwenye ncha. Weka ushanga wa kwanza katikati kabisa, funga fundo kila upande, kisha endelea kushoto na kulia kwa zamu. Anayeanzia ncha moja anagundua mwishoni kwamba kamba moja ni fupi kuliko nyingine, na kufungua mafundo yote kumi kunachakaza kitambaa. Kabla ya kukaza, sukuma fundo kwa kidole gumba mpaka liguse ushanga, mshono ukiwa nyuma. Ncha za kamba zikunjwe ndani sentimita 1 na kushonwa kwa mkono.

Masalio yanatosha bangili. Kata ukanda wa sentimita 2 kutoka bidoni ya njano ya mafuta, ulainishe kingo kwa msasa. Urefu wake upime kwa kuzungushia mkono uliokunja kidole gumba ndani, hapo penye vifundo vya vidole, si kwenye kifundo cha mkono. Ongeza 1 ya nafasi na 1.5 ya kupandanisha ncha, kisha uzishone. Kitambaa cha kuzungushia kiwe na upana wa 3 na urefu kama mita 1, kikikatwa mshazari: hapo kinavutika na kulala vizuri. Kikikatwa sambamba na uzi wake kinafanya mikunjo hata ukivute vipi. Kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, na ncha ya mwisho ishonwe upande wa ndani, kwa sababu gundi inabanduka kwa jasho na maji ya kuoshea vyombo.

Mwenye mtoto anayenyonya umpe bangili badala ya mkufu: mtoto huvuta chochote kilicho shingoni kwa mama, na ushanga ukitoka unaweza kumkaba.