Kompyuta kuukuu inalia na haileti picha? Usiitupe bado

Juzi jirani yangu hapa Chumbageni, Tanga, mwalimu mstaafu, aliniletea kompyuta yake ya mezani ya enzi za Pentium 4. Fundi wa kwanza alishamwambia bodi imekufa. "Mwanangu," akaniambia, "picha za harusi ya dada yako zimo humu." Nikaiwasha. Ikalia mlio mrefu, ikanyamaza, ikalia tena, skrini nyeusi tii. Nikapata matumaini, maana bodi iliyokufa hailii.

Kompyuta ikiwashwa hujikagua kwanza kabla ya kuita Windows. Ikikuta hitilafu na picha bado haijaja, husema kwa milio, kwa hiyo ihesabu. Kwenye bodi nyingi zenye BIOS (programu ya bodi inayoiamsha kompyuta) ya kampuni ya Award, mlio mrefu unaojirudia ni RAM, kile kipande chembamba cha kumbukumbu ya muda. Mrefu mmoja na mifupi miwili ni kadi ya picha. Kwenye BIOS ya AMI, mifupi mitatu ni RAM. Jina la BIOS mara nyingi limeandikwa kwenye chipu yake, juu ya bodi.

Ya mwalimu ilisema RAM. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kasha. Fungua vibanio viwili vya pembeni, itoe RAM, uitazame kwenye mwanga. Meno yake ya dhahabu yalikuwa yamefifia, yana utando wa kahawia. Huku pwani hewa ya chumvi haiachi kitu. Chukua raba nyeupe laini ya kufutia penseli (ile ngumu ya kufutia wino inakwangua) usugue taratibu pande zote mbili mpaka meno yang'ae. Pangusa vumbi la raba. Nafasi inamokaa RAM isafishe kwa brashi kavu. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Irudishe ukiikandamiza mpaka vibanio vijifunge vyenyewe, "ta!" Kama ziko mbili, jaribu moja moja. Kwa mwalimu moja ilikuwa imekufa kweli, lakini ya pili ikaleta picha.

Picha ikaja na maneno "CMOS checksum error", tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Hiyo ni betri ya saa, CR2032, ya duara kama sarafu. Mpya ina volti 3 au zaidi kidogo. Ukipima ukakuta chini ya 2.7, badilisha. Kabla hujaitoa, ingia kwenye mipangilio ya BIOS kwa kubonyeza Delete au F2 kompyuta inapowaka na upige picha kila ukurasa kwa simu. Nasisitiza hili kwa sababu betri ikitoka, mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani, na diski iliyokuwa IDE ikigeuka AHCI (hizo ni njia mbili za diski kuwasiliana na bodi), Windows XP huishia skrini ya bluu. Watu wengi hapo hudhani diski imeharibika, wakaifuta.

Ikikuandikia kibodi haionekani, zima kabisa kwanza, kisha angalia kama vipini vya plagi ile ya duara vimepinda. Ikilalamikia feni, toa vumbi na uone kama inazunguka.

Isipowaka kabisa, usiharakishe kujaribu soketi nyingine ya ukutani. Nyuma ya pawa saplai (kisanduku kinachoipa kompyuta umeme) nyingi za zamani kuna swichi ndogo nyekundu: 115 au 230. Mashine za mtumba zilizotoka Marekani huja zikiwa kwenye 115, na umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka hivyo, pawa saplai inapasuka. Kwenye bodi, tazama kapasita, vile vipipa vidogo vya kuhifadhi umeme: vichwa viwe bapa. Vikivimba au kuvuja uchafu wa kahawia, huo ndio ugonjwa wa bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kapasita hizo zinahitaji kubadilishwa kwa kulehemu. Pawa saplai yenyewe usiifungue, inahifadhi umeme hata ikiwa imechomolewa.

Ukisikia diski inagonga "tak, tak", acha kuiwasha-washa. Kila jaribio linaweza kuikwangua zaidi. Ya mwalimu haikugonga, lakini ni ya zamani, kwa hiyo kabla sijafunga mfuniko nilizihamisha picha zote za harusi kwenye flashi mbili: moja nikamkabidhi yeye, nyingine akampelekea binti yake.