Kugeuza kipanya chakavu kuwa gari la kulala: anza na maji, mbao baadaye

Kipanya changu, yaani basi dogo la Toyota HiAce, kilishabeba abiria Dar kwa miaka mingi kabla hakijanifikia. Mstari wa rangi ya njia ulikuwa bado unasomeka chini ya rangi mpya, na juu ya mlango palibaki stika ya kumkumbusha abiria adai chenji yake mapema. Mimi na mke wangu tulitaka kitanda, jiko, friji ndogo na taa, tuzunguke nchi bila kuhangaika na gesti kila jioni.

Nikaanza na kabati, kwa sababu kabati ndiyo kazi inayopendeza macho. Masika yakaingia, maji yakapenya kwenye mshono wa paa na kuteremka nyuma ya plaiwudi. Mwezi wa tano nilikuwa nabomoa kazi ya wiki sita iliyovimba kama andazi kwenye chai. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata njia ya maji.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kulipa

Nenda na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa laini, usije ukakwaruza rangi ya watu. Ipitishe chini ya milango, juu ya matairi na pembeni mwa kioo cha mbele. Inapokataa kushika, pale hakuna bati, kuna puti, ule ujazo wa kuzibia matundu kabla ya rangi. Kisha funua zulia na uchokoe sakafu kwa bisibisi, hasa kwenye kona za nyuma. Gari lililoishi pwani huliwa na kutu kuanzia ndani kuja nje, kwa hiyo kipele kidogo cha rangi mara nyingi kina tundu nyuma yake.

Kwa injini, mpe fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Kama ni dizeli ya 3L au 5L, uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. Jibu likiwa la kubabaisha, hesabu kwamba utaununua wewe. Injini mbovu hurekebishika. Bodi iliyooza kwenye mihimili ya chini, mimi naiacha hapohapo.

Hatua ya 2: Vua kila kitu

Viti, zulia, mbao za kuta, kitambaa cha dari, vyote vitoke. Piga picha za waya kabla hujachomoa chochote, na kila bolti iingie kwenye mfuko wake wenye maandishi. Ukishatoa viti vya abiria utakuta sakafu ina matundu kama chujio. Usiyadharau: hupitisha maji, vumbi, na moshi wa ekzosi wakati umelala.

Hatua ya 3: Kutu

Hapa ndipo muda na pesa viende. Kutu ya juujuu isugue kwa brashi ya waya kwenye grainda mpaka chuma king'ae, futa vumbi kwa tina, kisha paka redi oksaidi, rangi ya msingi ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo. Ukiacha hadi kesho Dar, asubuhi utakuta chuma kimeshapata wekundu.

Palipotoboka pakatwe mpaka kwenye bati zima, pachomelewe kiraka cha geji 18 au 20. Fundi bodi wengi, Gerezani na kwingineko, watakushawishi wajaze puti kwanza "halafu tutaona". Kataa kwa upole, na ukae hapo kwenye benchi mpaka kiraka kiingie. Kabla ya kuchomelea, chomoa waya za betri na za alteneta, na weka ndoo ya maji karibu. Kila mchomeleo upakwe rangi pande zote mbili, maana upande wa ndani usiouona ndio utakaooza tena.

Hatua ya 4: Mwagia maji

Mtu mmoja akae ndani na tochi na chaki ya kuweka alama panapovuja, mwingine ashike mpira wa maji nje. Anza chini, panda polepole: milango, madirisha, mwisho paa. Ukianza juu hutajua tone limetoka wapi. Kwangu tone lilionekana kwenye nguzo ya nyuma kulia, ila tundu lenyewe lilikuwa mbele kabisa kwenye mfereji wa paa. Maji yalisafiri gari zima.

Mishono izibe kwa gundi ya poliurethani. Silikoni ya bafuni haikubali rangi juu yake, na ikibanduka huacha mafuta yanayokataa gundi nyingine. Rudia kumwagia baada ya siku mbili. Usiende mbele mpaka chaki ikose kazi.

Hatua ya 5: Joto

Paa ndilo linalokupika, kwa hiyo lianze paa. Tumia mbao za povu gumu kuzuia joto, zibane vizuri kwenye bati. Lile jeupe la maboksi ya samaki humeguka punjepunje na hulia njia nzima. Sponji ya godoro usiiguse kabisa, inakunywa unyevu na kuulaza kwenye bati.

Hatua ya 6: Umeme

Piga hesabu kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani. Friji yangu ya volti 12 inakula kama ampea 3.5 ikiwaka, na kwa joto letu inawaka karibu nusu ya siku: ampea-saa 42. Taa, feni na simu zinaongeza 18. Jumla 60. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 hupaswi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo haitoshi hata siku moja. Ya lithiamu ya 100 inakupa 80 bila kuumia. Paneli ya sola ya wati 200 juani inazirudisha, mradi hujaegesha chini ya mwembe.

Fyuzi iwe ndani ya shubiri moja kutoka betri, kwenye waya chanya. Waya usiwe mwembamba. Mimi nilivuta wa milimita 1.5 kwenda kwenye friji, mita tano. Kila usiku friji ikawa inazima. Nikapima: kwenye betri 12.3, kwenye friji 11.6. Betri ilikuwa nzima, volti zilikuwa zinapotea njiani. Nilipoweka waya wa milimita 6, haikuzima tena.

Hatua ya 7: Mbao

Sasa ndiyo nenda Keko. Plaiwudi ya milimita 12 inatosha. Fundi samani atakutaka ununue mninga, mzuri kweli, ila mzito. Kipanya kwa nje kina upana wa mita 1.69, kwa hiyo mtu mrefu hawezi kulala kimkingamo. Panga kitanda kwa urefu wa gari. Funga kila kitu kwa bolti kwenye mbavu za chuma, kamwe usifunge kwenye bati tupu, na milango ya kabati iwe na komeo.

Hatua ya 8: Gesi na maji

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala sakafuni. Mtungi wa kilo 6 ukae kwenye boksi lake lenye tundu chini la kutolea gesi nje ya gari, na kila kiungo kipimwe kwa povu la sabuni. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata kama limebaki majivu. Hewa yake ya sumu haina harufu. Maji ni madumu mawili ya lita 20, la safi na la taka, na pampu ya mguu. Basi.

Hatua ya 9: Karatasi

Hii ianze mapema, sambamba na kutu. Daladala ina namba nyeupe, gari binafsi namba ya njano, kwa hiyo kabadilishe matumizi TRA na uhakikishe leseni ya usafirishaji ya LATRA imefungwa. Ukitoa viti kumi bila kuandikisha, trafiki atavihesabu kwa niaba yako.

Hatua ya 10: Usiku wa majaribio

Sisi tulipanda Lushoto kutoka Mombo. Zile kona zilifungua droo moja na kumwaga sukari yote. Usiku ukawa wa baridi, na alfajiri tone likanidondokea shavuni. Nikaruka na tochi moja kwa moja kwenye mfereji wa paa. Pakavu. Ilikuwa pumzi zetu wenyewe, zimegeuka maji kwenye kipande cha bati nilichosahau kuwekea povu juu ya mlango. Mke wangu akafungua dirisha vidole viwili, akalala tena.