Vile unapima barafu ya Mlima Kenya ikiisha ukiwa umekaa tu Nakuru

Watu hudhani ati ndio ujue barafu ya Mlima Kenya inaisha lazima upande hadi juu ukohoe wiki mbili, zii, mimi niko Nakuru na nafanya hii kitu kwa kompyuta ya saiba. Shusha Google Earth Pro, ni ya bure. Tafuta Point Lenana, kimoja cha vilele vya huo mlima, halafu sogea kidogo magharibi, hapo kati ya Lenana na kilele cha Nelion ndio kuna barafu ya Lewis, ama tuseme yenye imebaki. Bonyeza ile alama ya saa juu, itakutolea laini ya miaka, vuta polepole.

Sasa hapa ndio wengi huanguka. Mara ya kwanza nilipata picha nyeupe pe nikaita binamu yangu kwa kelele, kuja uone barafu imerudi! Akachungulia akaniuliza, "Na mbona hata mawe ya huko chini ni nyeupe?" Kumbe ni theluji imeanguka juzi tu, jua likitoka inaenda. Barafu yenyewe ni chafu bana, ukivuta karibu ni kijivukijivu, ina nyufa, na ukingo wake unaonekana wazi kwa mawe. Kwa hivyo picha ikiwa nyeupe kila mahali achana nayo, tafuta za Januari ama Februari kukiwa kumekauka, na ulinganishe mwezi na mwezi wake.

Ukipata mbili safi, chukua rula ya humo ndani ya Google Earth, chagua poligoni, zunguka ukingo pointi kwa pointi, andika eneo, halafu futa uchore tena mara tatu juu mkono hutetemeka, mimi huchukua jibu la katikati. Mwaka wa 2010 Lewis ilikuwa kama kilomita mraba 0.1, so kama picha ya miaka hiyo inakupa 0.3 jua umechora theluji. Ukitaka za zamani zaidi kuna picha za setilaiti za Landsat, lakini hizo pikseli moja ni mita 30, usibishane na mtu juu ya ukingo wa mita kumi.

Kitu ingine, poligoni haioni unene. Kati ya 1934 na 2010 Lewis ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake, na mingi ya hiyo ilikuwa inakonda kutoka juu, huwezi iona kwa picha ya angani. Na si joto peke yake, hewa ikikauka theluji mpya inapungua, barafu chafu inabaki wazi, inameza jua.

Kwa picha za karibuni utapata imekatika vipande viwili. Chora poligoni mbili ujumlishe, na usijaribu kuunganisha juu ya lile jiwe la katikati ukidhani ni kivuli.